Dibaga inapita kituo bila kusimama

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika C++ kwenye Linux, natumia kihariri cha VS Code na CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu. Nimesakinisha kiendelezi cha C/C++ na kuandika `launch.json`, faili la mipangilio ya kudibagi, kama nilivyoona kwa wenzangu. Nikiweka kituo (breakpoint, mahali programu isimame) kwenye mstari wa 42, kile kiduara chekundu kinageuka kijivu mara tu ninapoanzisha, na programu inakimbia hadi mwisho bila kusimama. Nimeondoa kiendelezi nikakirudisha, nimechezea mipangilio yote, lakini wapi! Kwa sasa nasaka hitilafu kwa kuchapisha thamani za vigeu kwenye skrini. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Achana na VS Code kwanza. Kihariri hakidibagi chochote. Kinapeleka tu maagizo yako kwa GDB, ambayo ndiyo dibaga, yaani programu ya kusaka hitilafu, na kukurudishia majibu. GDB ipo tangu 1986 na haihitaji kihariri chochote ili ifanye kazi. Basi iulize yenyewe. Fungua terminali, ingia kwenye folda la `build`, andika `gdb ./programu`, kisha soma mstari wa mwisho inaoutoa kabla ya kukusubiri. Naweka dau utakuta umeandikwa `No debugging symbols found in ./programu`.

Kama ndivyo, `launch.json` yako haina hatia. Ukiitumia CMake kutengeneza Makefile (faili la maagizo ya ujenzi) bila kuiambia unajenga kwa ajili gani, `CMAKE_BUILD_TYPE` hubaki tupu, na ikiwa tupu kompaila haipewi `-g`, agizo la kuingiza taarifa za kudibagi. Faili linalotoka hapo lina maelekezo ya prosesa basi. Hakuna mahali ndani yake palipoandikwa kwamba anwani fulani imetokana na mstari wa 42 wa `main.cpp`, wala kwamba baiti nne za pale kwenye staki ndizo kigeu chako `jumla`. Unapoiagiza GDB isimame mstari wa 42, inatafuta, haioni, inaliweka agizo kiporo ikitumaini kwamba huenda maktaba itakayopakiwa baadaye ikawa na mstari huo. Ndiyo maana ya kile kijivu.

Toka GDB, rudi kwenye folda kuu la mradi, ujenge upya hivi:

`cmake -S . -B build -DCMAKE_BUILD_TYPE=Debug`
`cmake --build build`

Rudi kwenye GDB ile ile ya terminali. Andika `break main.cpp:42`, kisha `run`. Ikisimama, andika `bt` uone fanksheni gani imeita ipi hadi kufika hapo, halafu `print jumla`. Usifungue kihariri mpaka hayo yakubali. Ninawasisitizia watu jambo hili hadi wananichoka, lakini nimeona wengi mno wakipoteza siku nzima kwenye JSON ilhali kilichokosekana ni herufi moja ya kompaila.

Sasa ukirudi kwenye `launch.json`, kwa kiendelezi hicho `type` iwe `cppdbg`, `MIMode` iwe `gdb`. Kitu cha kukagua kwa jicho kali ni `program`, yaani njia ya faili litakaloendeshwa. Mara nyingi njia iliyoandikwa pale inaelekea nakala ya zamani iliyobaki kwenye folda jingine, kwa hiyo mtu anajenga faili hili na kudibagi lile, halafu anashangaa mbona marekebisho yake hayaonekani. Weka na `preLaunchTask` ili programu ijengwe kwanza kila unapoanza. Jina lake lifanane herufi kwa herufi na `label` iliyomo kwenye `tasks.json`. Na kama programu yako inasoma faili la data kwa njia fupi isiyoanzia kwenye mzizi, usisahau `cwd`, folda ambamo programu inaendeshwa.

Siku moja utakutana na `<optimized out>` badala ya thamani, na mshale utarukaruka kutoka mstari wa 50 kwenda 47 na kurudi 52. GDB haijalewa. Umejenga kwa `RelWithDebInfo`, ambayo huweka `-g` pamoja na `-O2`, agizo la kuongeza kasi, na kompaila imeupanga upya msimbo wako itakavyo. Wapo wanaosifu `-Og`, uboreshaji mwepesi unaojali kudibagi. Mimi nabaki na `-O0`, yaani bila uboreshaji, ninaposaka hitilafu, kwa sababu hata `-Og` hunificha vigeu ninavyovitaka.

Kuhusu kuchapisha kwenye skrini, wala sikukatazi. Ila kwenye programu yenye nyuzi nyingi (threads, kazi zinazoenda sambamba), kule kuchapisha kwenyewe hubadilisha muda wa mambo, na hitilafu inaweza kujificha.

SWALI: Programu yangu inakimbia tayari na imekwama. Nikitaka kuidaka kwa `gdb -p`, naambiwa `ptrace: Operation not permitted`. Lazima niwe root, yaani msimamizi wa mfumo?

JIBU: Si lazima uendeshe GDB kama root, ingawa utahitaji `sudo` kubadili mpangilio mmoja. Tazama `/proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope`. Ikiwa ni 1, mchakato unaruhusiwa kuchungulia watoto wake tu. Programu iliyoanzishwa na GDB ni mtoto wake; iliyoanza kivyake si mtoto. Andika `echo 0 | sudo tee /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope`, fanya kazi yako, kisha irudishe 1, maana ikiwa 0 programu yako yoyote inaweza kusoma kumbukumbu ya nyingine, hata ya kivinjari chenye nywila zako. Ndani ya kontena la Docker, lianzishe kwa `--cap-add=SYS_PTRACE`.

SWALI: `launch.json` hiyo hiyo itafaa kwenye Mac na Windows?

JIBU: Hapana. Kwenye Mac tumia LLDB, dibaga nyingine, inakuja pamoja na zana za Xcode. Kwenye Windows inategemea kompaila: MSVC, kompaila ya Microsoft, huweka simboli (taarifa za kudibagi) kwenye faili la PDB, kwa hiyo `type` iwe `cppvsdbg`, ukijenga kwa MinGW, yaani GCC ya Windows, unarudi kwa GDB na `cppdbg`, na kwenye `miDebuggerPath` uonyeshe mahali `gdb.exe` ilipo.