Akirudi Dukani, Ataijua?

Juzi kijana mmoja wa Kisauni aliniandikia: "Dada, nataka kuwa mbunifu wa grafiki kama wewe. Nijifunze programu gani kwanza, Photoshop au Illustrator?" Nilimjibu kwamba kwa nembo ajifunze Illustrator au CorelDRAW, maana hizo huchora kwa vekta, yaani mistari inayokokotolewa kwa hesabu, na nembo ya vekta unaweza kuipunguza ikaingia kwenye muhuri au kuikuza ikajaa ubavuni mwa lori bila kupoteza makali yake. Photoshop ni ya picha za pikseli, yaani vidoa vidogo vya rangi, na picha hizo ukizikuza kupita kiasi zinavunjika. Jibu ni sahihi kabisa. Hata hivyo halikuniridhisha, kwa sababu liko swali kubwa kuliko hilo ambalo hakuniuliza, na wengi mnaonisoma hamniulizi.

Swali lenyewe ni hili: mtu aliyenunua mara moja akapenda, akirudi dukani ataijua bidhaa ile kati ya wenzake?

Nina sababu ya kuliandika sasa. Achari ya maembe ya mama mmoja wa Majengo, ambayo lebo yake nimeichora mimi, imepata nafasi kwenye rafu za supamaketi moja ya Nyali. Nilikwenda kuitazama, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga.

Mama huyu ameuza achari barazani kwake na kwa oda za harusi tangu mimi sijaanza kazi hii. Mwanawe ndiye aliyenitafuta. Alitaka lebo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, "ya kisasa", kwa kuwa hivyo ndivyo vitu vya bei vinavyofungashwa. Sikubishana naye. Niliomba tu ruhusa ya kukaa na mamake jioni, wakati wa wateja. Mama akaniuliza, "Mbona huchori, mwanangu?" Nikamwambia, "Nasikiliza kwanza, mama."

Na nilichosikia ni hiki: hakuna aliyeitaja achari ile kwa jina. Wote walisema, "Nipe ile ya kifuniko cha manjano." Kuna mtoto aliyetumwa kutoka mtaa wa pili akafika akihema: "Mama kasema ya manjano, si ya kijani." Ya kijani ilikuwa achari ya ndimu ya jirani. Basi hapo kazi ilikuwa imefika nusu na laptopu iko bado ndani ya mkoba. Rangi ya chapa ilikwisha kuchaguliwa na wanunuzi wenyewe. Kifuniko kilibaki manjano, lebo nikaifanya manjano ile ile, nikachora embe bichi lililopasuliwa, kwa mistari minene, na jina juu yake kwa herufi kubwa. Nikaondoa minazi, nikaondoa kibwagizo, nikaondoa namba mbili za simu zilizokuwa zimekaa mbele. Mwanawe alinuna. Sasa hanuni tena.

Wapo wakubwa waliolipa ghali kwa kutosikiliza. Mwaka 2009 huko Marekani, Tropicana, kampuni ya juisi ya machungwa, ilibadilisha pakiti yake. Lile chungwa lililochomekwa mrija likaondolewa, ikawekwa picha ya bilauri yenye juisi. Wanunuzi waliozoea kunyoosha mkono na kuchukua wakaikosa rafuni. Mauzo yakashuka kwa karibu asilimia 20 katika muda usiofika miezi 2, na pakiti ya zamani ikarudishwa. Kampuni ile ilikuwa na fedha za kumwajiri mbunifu yeyote iliyemtaka duniani! Fedha hazikuisaidia.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko hapa hapa kwetu Mombasa, Biashara Street. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na mpaka leo mwanamke anayezijua leso huangalia karibu na pindo kutafuta maandishi "K.H.E. - Mali ya Abdulla" kabla ya kuuliza bei. Michoro hutoka mipya kila mara. Rangi hubadilika, jina nalo, yaani msemo wa leso, hubadilika, leo la mapenzi, kesho la kumsuta jirani. Kisichobadilika ni mpangilio: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, jina liko mstari mmoja chini, na alama ya mwenye mali iko pale ilipozoeleka. Hiyo ni chapa iliyokomaa. Mimi nilijifunza mpangilio wa ukurasa kwa leso za mamangu kabla sijagusa kompyuta: nini kibebe macho, nini kizungushe, wapi paachwe wazi, maneno mangapi yanatosha. Anayekwambia kwamba ubunifu wa chapa ni elimu ya kigeni mpeleke Biashara Street asubuhi moja.

Sasa tazama nembo za biashara zetu za Pwani. Mnazi, jahazi, jua linazama, wimbi. Hoteli ina mnazi, kampuni ya mizigo ina mnazi, kinyozi ana mnazi. Kiolezo kimoja kimepakuliwa intaneti, jina likabadilishwa, kazi ikaitwa imekwisha. Sina ugomvi na mnazi. Nina ugomvi na uvivu. Alama iliyo kwa kila mtu haimtambulishi mtu yeyote, na mteja aliyekulipa amekulipa atambulike.

Upande wa ufundi nitapita haraka, kwa sababu mengi utayajifunza kwa mpiga chapa mzuri ukimheshimu. Skrini huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Karatasi hupigwa kwa wino wa samawati, majenta (wekundu wa waridi), manjano na mweusi. Ile kijani inayong'aa kwenye simu yako haitatoka hivyo kwenye karatasi, kwa hiyo omba sampuli kabla ya kuchapisha maelfu. Ukingoni acha milimita 3 za ziada za kukatwa. Jua la Mombasa nalo lihesabu: majenta na manjano hupauka kabla ya samawati na nyeusi, ndiyo maana mabango ya zamani barabarani yamegeuka buluu na nyuso za watu humo zinatisha. Kwa bango la nje, mwulize mchapaji kuhusu wino na kinga ya jua.

Na msimbo pau (barcode), tafadhali. Yule mwana wa mama wa achari alitaka mistari yake iwe myekundu ipendeze na lebo. Mashine nyingi za kusomea humulika mwanga mwekundu, kwa hiyo mstari mwekundu huuona kama mweupe tu. Weka mistari myeusi juu ya weupe, na uache nafasi tupu pande zote mbili. Namba yenyewe hutoka GS1 Kenya, shirika linalotoa namba za msimbo pau, nayo huanza na 616. Alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), uzito, viungo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha ni mambo ya kuyapangia nafasi tangu mchoro wa kwanza. Mbunifu anayeyabandika mwishoni huwa anaharibu kazi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa niseme la moyoni. Iko hoteli moja ya pwani ya kaskazini iliyoniomba mapendekezo ya nembo. Niliwafanyia utafiti, nikazungumza na wageni wao na wahudumu wao, nikawasilisha. Wakaniambia bajeti haipo. Baadaye nikapita barabarani nikaona kibao kipya langoni, na mstari wangu uko pale, umepindishwa kidogo tu. Nilikuwa ndani ya matatu, sikuweza hata kusimama. Imepita miaka na bado nikipita pale naangalia upande wa pili. Walichukua mchoro wangu, lakini yale niliyoyasikia kwa wageni wao hawakuweza kuyachukua, na leo nembo ile imekaa pale bila mtu ndani ya hoteli anayejua kwa nini imechorwa hivyo. Tangu wakati huo nusu ya malipo inatangulia. Asiyetaka kutanguliza, namtakia heri.

Kuhusu bei, wateja hupenda kunisimulia kwamba nembo ya Nike ilichorwa kwa dola 35. Ni kweli. Carolyn Davidson aliichora mwaka 1971 akiwa mwanafunzi, na hicho ndicho alicholipwa. Huwa nawamalizia kisa chenyewe: mwaka 1983 kampuni ilimwita ikampa pete na hisa zake. Wenyewe waliona kwamba dola 35 hazikutosha. Ndugu zangu mnaochora usiku kwa bei ya chai na mahamri, jiheshimuni. Na nyinyi wenye biashara mnaolia kwamba bidhaa zenu hazionekani, mwacheni mtu afanye kazi ya kusikiliza, mlipieni usikilizaji huo, kisha mwacheni achore. Msimlazimishe awapendeze nyinyi. Nyinyi hamtainunua achari hiyo. Ataichukua mtu mwingine, ana haraka, mkono mmoja umeshika mtoto, na macho yake yana sekunde chache tu za kuitafuta manjano yake.

Jambo la mwisho nililomfanyia mama ni kumkabidhi kila kitu: faili za vekta, namba za rangi, toleo la rangi moja kwa ajili ya muhuri na risiti, na karatasi moja inayoeleza lipi lisiguswe. Kisha tukaanza maombi ya kusajili alama yake kwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama za biashara. Usajili ukikubaliwa, alama hulindwa kwa miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Nanyi fanyeni hivyo, na utafutaji wa jina mfanye kabla hamjamwonyesha mteja mchoro wowote, maana mteja akishalipenda jina ambalo tayari lina mwenyewe, kumtoa hapo ni kazi ngumu kuliko kuchora.