Kibao cha bei ya dola, Birere (Goma)

Kaka, umeuliza kama WordPress, programu ya kuendesha tovuti, inaweza kulisha kibao chako cha kuonyesha bei ya dola. Ndiyo, na huhitaji kuongeza programu-jalizi. Tangu toleo la 4.7 (Desemba 2016) inatoa makala zake kwa JSON (maandishi yaliyopangwa ili mashine iyasome) kwenye anwani /wp-json/wp/v2/posts. ESP32, kompyuta ndogo ya ndani ya kibao, inavuta kwa Wi-Fi, inasoma kichwa cha makala chenye bei, inaandika franka kwenye skrini. Mimi naongeza ?_fields=title mwishoni mwa anwani hiyo, la sivyo inashusha makala nzima na mega zinaisha bure. Ila usigeuze njia, vifaa ndivyo viandike kwenye WordPress: vipimajoto, kwa mfano, vikiandika humo kila sekunde, hifadhidata ya tovuti inalemewa. Hiyo ni kazi ya MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi mfupi. Na bei ya mwisho ihifadhiwe ndani ya kifaa, umeme wa Goma unaujua, hukatika.