Aligonga mbwa au mtoto?

SWALI: Hujambo Mwalimu. Nafanya kazi ya nyumba hapa Milimani, Kisumu. Binti wa mwajiri wangu anasomea filamu chuoni, na Jumapili alituwekea moja ya Argentina ya mwaka 2008, La mujer sin cabeza, ya mwongozaji Lucrecia Martel. Mama mmoja tajiri, Vero, anaendesha gari, simu inalia, anainama kuitafuta, gari linagonga kitu. Filamu iliisha sijajua kama aligonga mbwa au mtoto. Binti anasema hilo si muhimu. Mimi naliona muhimu sana. Nani kati yetu ameielewa filamu?
Msomaji, Nyalenda

JIBU: Dada yangu, ni wewe. Ni muhimu kwa mama wa yule mvulana aliyekutwa amekufa, na filamu yenyewe inalijua hilo.

Twende polepole. Mwanzoni tunaona wavulana wakikimbia na mbwa wao kando ya barabara ya vumbi, karibu na mfereji. Kisha kishindo. Vero anatulia kimya, anavaa miwani yake ya jua, anaondoka. Nyuma, kupitia kioo, mbwa amelala barabarani. Basi ni mbwa. Lakini dirishani mwake kuna alama za viganja vidogo. Tena kumbuka watoto wa marafiki zake walikuwa wakicheza ndani ya gari hilo muda mfupi kabla. Kila kinachokupa jibu kinakutia shaka papo hapo. Baadaye anamwambia mumewe kwamba ameua mtu. Mume anampeleka pale usiku, anamwonyesha mbwa, wanarudi nyumbani. Halafu muuza vyungu anasema kijana wake wa kazi haonekani, na maiti inapatikana mferejini.

Hapo wanaume wa ukoo wanaanza kazi bila kutumwa na mtu. Picha za eksirei alizopigwa hospitalini zinachukuliwa. Gari linapelekwa mji mwingine kunyooshwa bodi. Hoteli aliyolala usiku ule haina rekodi yake. Wanampenda kweli, wanambembeleza apumzike, na upendo huo ndio unaonitisha. Hapa kwetu sheria ya trafiki inamtaka dereva aliyemgonga mtu asimame na aripoti polisi, lakini wewe unayefanya kazi Milimani unaweza kukisia ni nani hupigiwa simu kwanza.

Mama yangu alifulia watu nguo Milimani ya Nakuru, kwa hiyo macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwa wafanyakazi. Wapo kila mahali: anayeosha, anayelima bustani, anayeleta chai. Kamera imewatia ukungu au imewabana pembeni. Vero anahudumiwa kutwa nzima na watu ambao yeye mwenyewe hawatazami usoni. Angemtambuaje mtoto wao barabarani? Mwambie binti, kwa heshima na kwa upole kwa sababu amekukaribisha mtazame pamoja, kwamba ni rahisi kusema si muhimu kama mwanao hapiti barabara ile kwa miguu. Ukinibana mimi, nasema aligonga mvulana. Kama alikuwa mbwa tu, eksirei zilichukuliwa za nini?

SWALI: Mwalimu, kwenye filamu hiyo watu wana simu za mkononi lakini nyimbo ni za miaka ya 70. Ni makosa?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Ni kusudi, ndugu yangu. Martel alizaliwa mwaka 1966 huko Salta, kaskazini magharibi mwa Argentina, na filamu ilipigwa huko huko. Utoto wake ulipita chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, watu walipokuwa wakichukuliwa wasionekane tena. Mashirika ya haki za binadamu ya huko yanataja watu 30,000. Wengi wenye nafasi zao walijua na wakaendelea na karamu zao. Ameziweka nyimbo za wakati huo ndani ya maisha ya leo ili Waargentina wenzake wakumbuke desturi hiyo ya kutoona waliipata wapi. Itazame tena ukiwa na mzazi aliyekuwa mtu mzima miaka hiyo, kisha umuulize hapa kwetu watu walizoea kutozungumzia nini.