Re: Jumba la kale lenye sanaa London

Dada, umeuliza kama lazima usubiri siku za wazi za Septemba, majengo yanapofunguliwa watu bure, ndipo uone sanaa bure kwenye jumba la kale. Wala! Nenda Kenwood, pale Hampstead Heath. Kuingia ni bure mwaka mzima. Anza na picha ya mchoraji Mholanzi Rembrandt alivyojichora uzeeni: nyuma yake maduara mawili ambayo wataalamu wanabishania hadi leo, na mkono ulioshika brashi kaupaka kwa harakaharaka tu, uso ndio kaushughulikia. Humo Kenwood ndimo alimolelewa Dido Belle, ambaye mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika, kwa Jaji Mansfield, yule wa hukumu ya 1772 kwamba mtumwa James Somerset hawezi kuondolewa Uingereza kwa nguvu. Picha maarufu ya Dido usiitafute hapo, iko kasri la Scone, Uskoti. Wanaojitolea vyumbani waulize maswali, wanajua mengi.