Intakula kwenye Land Cruiser 80 ya 1HD-FT: inalipa au hailipi?

Mkuu, umeuliza kama kuna faida kufunga intakula (kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo kwenda kwenye silinda) kwenye HDJ80 yako, injini 1HD-FT yenye tabo ya kiwandani (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, inayosindilia hewa kwenye injini), kwa sababu ukivuta trela kupanda mlima Kitonga gari inakosa nguvu na geji ya maji inapanda. Hayo ni matatizo mawili, na intakula inatibu moja tu.

Tabo ikisukuma presha ya psi 9, hewa iliyoingia na nyuzi 30 inatoka na karibu nyuzi 95. Intakula nzuri inaishusha hadi 50 hivi. Hewa ikipoa inashikana, kwa hiyo hata ukitoa presha kidogo inayopotelea ndani ya kore (kifua cha intakula ambamo hewa inapita na kupoa), silinda inapata hewa zaidi kwa asilimia 9 au 10. Ila kwenye dizeli nguvu inatoka kwenye mafuta. Ukifunga bila kugusa pampu ya dizeli, utaona moshi mweusi umepungua na joto la ekzosi limeshuka, basi. Angalia Toyota wenyewe: pickup ya HDJ79 iliyouzwa Australia ilikuwa na 1HD-FTE bila intakula, kW 122. Land Cruiser 100 yenye injini hiyo hiyo na intakula ilitoa kW 151. Intakula peke yake haikuleta tofauti yote hiyo. Iliruhusu mafuta yaongezwe bila kuunguza pistoni.

Sasa geji ya maji. Intakula ya mbele inakaa mbele ya kondensa ya AC na rejeta, kwa hiyo rejeta inapokea hewa iliyokwisha pata moto. Gari inayochemsha leo itachemsha zaidi kesho. Fungua rejeta isafishwe ndani na nje. Injini ikiwa ya moto na umeizima, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kilaini bila kukaza, oili ya silikoni kwenye klachi yake imeisha. Na kama kuna fundi alitoa themostati ili "ipoe", irudishe. Kwenye injini hizi, bila themostati maji mengine yanarudi kwenye bloku bila kupita kwenye rejeta. Hayo yote kwanza, ndipo uongee habari ya intakula.

Intakula ya juu ya injini, yenye tundu kwenye boneti, ina mabomba mafupi na ni rahisi kufunga. Lakini ukipanda polepole na trela, upepo wa tundu ni mdogo na injini inaichemsha kutoka chini. Bila feni ya umeme haina maana kwa kazi yako. Chukua ya mbele, kore ya 600 kwa 300, unene mm 76, na mabomba ya mm 63.

Ukinunua iliyotumika, uliza gari ya zamani ilikufaje. Tabo ikivunjika hutapika vyuma na oili ndani ya kore. Oili ile ikinyonywa, injini inaweza kukimbia yenyewe hata ukizima swichi. Vyuma navyo vitaishia kwenye silinda. Osha kwa mafuta ya taa mara kadhaa, ukiigeuza kila upande, kisha kausha kabisa. Kama vipande bado vinatoka, achana nayo. Breza ya injini (bomba la kupumulia mvuke wa oili) nayo iwekee kopo la kukamata oili, maana kore yenye utando wa oili haipoozi, na hosi zinateleza.

Hosi ziwe za silikoni ya tabaka nne, ncha za mabomba ziwe na ukingo ulioinuka, klampu ziwe za boliti, siyo zile nyembamba za hosi za maji. Injini inacheza na bodi haichezi. Bomba refu bila kiungo laini litapasuka. Kabla ya kuwasha, ziba mdomo wa tabo, jaza upepo psi 15, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Hosi ikichomoka njiani utaona moshi mweusi na nguvu inapotea ghafla. Simama, maana tabo inazunguka kupita kiasi.

Kihosi cha presha kinachokwenda juu ya pampu ya dizeli kibaki kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, baada ya intakula.

Mwisho ni pampu. Usiiguse kabla ya kufunga geji ya joto la ekzosi, na kipimo chake kiwe kabla ya tabo. Toa manifoldi ya ekzosi ndipo utoboe, kwa sababu chembe za chuma zitakula mapanga ya tabo. Skrubu ya mafuta kwenye pampu zungusha moja ya nane ya mzunguko, panda mlima ule ule na mzigo ule ule, soma. Ikikaa chini ya nyuzi 700 mlima mzima, unaweza kuongeza moja ya nane nyingine. Ikipita hapo, rudisha. Baada ya wiki moja kaza klampu zote upya, silikoni mpya hujibana.