Ulizia udongo kabla ya kuulizia kilomita

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kaka mmoja anayeishi Northampton. Amenunua baiskeli ya changarawe, ile yenye usukani uliopinda kama za mashindano lakini tairi nene, na anataka mwezi wa kumi na mbili aimalize Ridgeway yote, ile njia ya kale ya vilimani kusini mwa Uingereza, kuanzia Ivinghoe Beacon mpaka Overton Hill, kilomita 139. "Dada, nimeona picha zako za Juni. Kule ni vilima vidogo tu, si ndiyo? Nielekeze."

Kaka yangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Nimeona nikujibu hapa, kwa sababu najua wengi wenu mlioko Uingereza mnafanya shifti kama mimi, na mkipata siku mbili za mapumziko hamtaki ziishie kitandani.

Mimi nilianza na Ridgeway mwezi wa Novemba. Nimekulia Shinyanga, nimepanda Phoenix ya baba kwenye barabara za vumbi tangu miguu haijafika kwenye pedali, kwa hiyo nilijiambia changarawe ya Wazungu itanifanya nini? Niliungana na watu watano waliokuwa na uzoefu. Tukashuka treni Goring asubuhi, tukavuka daraja la mto Thames kuingia Streatley, tukaanza kupanda. Mlima ule si mrefu, ila nilikuwa nimetoka shifti ya usiku juzi yake na miguu ilikuwa mizito. Mmoja wao akageuka akaniambia, "Tutakusubiri juu, lami inapoishia."

Nilipofika pale lami inapoishia hapakuwa na mtu. Palikuwa na michirizi ya tairi zao kwenye tope, inaendelea mbele. Nilisimama pale kama dakika kumi nikidhani labda wamejificha upepo mahali. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nimewasamehe, lakini sijasahau, na sitasema uongo hapa kwamba hainiumi.

Nikaendelea peke yangu, na hapo ndipo nilipojua kilima cha Uingereza kinavyoweza kukutesa huku kikionekana kipole. Vilima vile ni vya chaki. Siku ya jua ni njia nyeupe, ngumu, unateleza juu yake kama uko kwenye sakafu. Siku ya mvua chaki inageuka utelezi na uji mweupe unaonata kama unga wa ngano uliokorogwa maji machache. Unashika tairi, unaokota majani na vijiwe, unajaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nilikuwa nakwenda mita hamsini, nasimama, nachokonoa tope kwa kijiti, nakwenda tena. Sikujua kwamba cheni nayo ilikuwa imejaa. Nilipokanyaga kwa nguvu nikasikia mlio, nikaangalia nyuma: mkono wa gia umejikunja umeingia kwenye spoki. Kile kipande chembamba cha bati kinachoushikilia kwenye fremu kilikuwa kimekatika kabisa.

Nilisukuma baiskeli mpaka kwenye barabara ya magari, nikateremka nayo Wantage kwa miguu. Teksi ya Wantage hadi stesheni ya Didcot ilinila pesa ya chakula cha wiki. Nilifika nyumbani Reading usiku, viatu vyeupe kama nimetoka kupaka nyumba chokaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuambia, na nitalirudia: usiulizie kilomita, ulizia udongo. Njia ile ile ya Juni si njia ile ile ya Desemba. Kabla hujatoka, usitazame hali ya hewa ya siku hiyo tu, tazama na ya wiki nzima iliyopita, kwa sababu mvua ya Jumanne ndiyo itakayokukamata Jumamosi. Na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Saa hiyo uko juu ya kilima, huna gia, huna taa. Usifanye hivyo.

Jambo la pili ni mishale. Hili nalo nilijifunza kwa uchungu. Vijiti vya njia za mashambani vina mishale ya rangi. Wa njano ni njia ya waendao kwa miguu peke yao. Wa bluu ni njia ya farasi, na sisi wa baiskeli tunaruhusiwa humo tangu sheria ya mwaka 1968, kwa sharti la kuwapisha wenye farasi na waendao kwa miguu. Zambarau na mwekundu pia tunapita. Mimi sikujua. Majira ya kuchipua yaliyofuata niliingia kwenye mshale wa njano, mzee mmoja mwenye mbwa akanifokea mbele ya wajukuu zake. Niliondoka nalia, na miezi mizima niliamini amenifokea kwa sababu ya rangi yangu. Huenda sauti ile ilikuwa na mambo mawili ndani yake, siwezi kuingia moyoni mwake. Lakini kuhusu njia alikuwa sahihi, na sikutaka tena mtu yeyote apate sababu halali ya kunifokea. Nilinunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ya kipimo cha 1:25,000 nikaisoma kama kitabu cha mtihani.

Na ramani itakuonyesha, kaka, kwamba huko Ivinghoe unakotaka kuanzia, upande wote wa mashariki ya mto Thames, sehemu nyingi za Ridgeway ni za mshale wa njano. Upande wa magharibi, kuanzia Streatley, ndio wetu. Kama kilomita 70. Jisomee mishale, usimfuate mtu aliyeweka picha.

Sasa, wewe uko Northampton na unahangaika na Ridgeway? Una Brampton Valley Way mlangoni kwako! Ni reli ya zamani, kilomita 22 hivi hadi Market Harborough, haina matope ya kukwamisha, na mwinuko wake ni wa treni, yaani wa taratibu. Nilikwenda huko Januari, baada ya aibu ya Novemba, kujirudishia moyo. Kuna mahandaki mawili, la Kelmarsh na la Oxendon, hayana taa. Unaingia, mwanga wa nyuma unapotea, maji yanadondoka kutoka juu yanakupiga kwenye mkono, unasikia pumzi yako mwenyewe. Nilitoka upande wa pili nikiwa mtu mwingine. Chukua tochi ya maana. Anzia hapo. Ukitaka maji na ndege, nenda Rutland Water, uzunguke bwawa. Derbyshire kuna Tissington Trail, nayo reli ya zamani.

Juni hii nilirudi Goring, peke yangu, kwa hiari yangu. Udongo ulikuwa umekauka wiki mbili. Nilipunguza upepo wa tairi hadi paundi 35, na safari hii tairi hazina tyubu, zina ile dawa ya majimaji inayoziba tundu yenyewe, maana juu ya chaki kumejaa gumegume, jiwe lile lile la bunduki za zamani, na likivunjika linakata kama wembe. Pale nilipovunjikiwa nilipita bila kusimama. Mbele kidogo nikakutana na mama mmoja juu ya farasi. Nikapunguza mwendo, nikamsalimu kwa sauti kabla sijamkaribia, ili farasi asikie kwamba mimi ni binadamu. Yule mama akanishukuru. Salimieni, jamani. Kengele inawashtua, sauti ya mtu inawatuliza.

Uffington niliiacha njia nikapanda kumwona farasi mweupe, mchoro wa chaki mlimani wenye miaka kama 3,000. Ukiwa karibu humwoni mzima, unaona mkunjo wa mgongo na jicho. Anabaki mweupe kwa sababu watu huja kumpondea chaki mpya kwa nyundo, vizazi na vizazi. Niliigusa ardhi pale. Chaki ile ile iliyonivunjia gia.

Baada ya Wayland's Smithy, lile kaburi la mawe chini ya miti, mpaka Barbury, ngome ya kale juu ya kilima, sina la kusimulia, ni upepo wa uso na kula tende. Saa kumi na moja jioni niliegemeza baiskeli kwenye uzio wa Avebury, kijiji chenye duara la mawe ya kale, nikampigia mama Shinyanga. Kisha nikateremka Swindon kupanda treni. Karibu kilomita 90, hakuna hata pancha moja.

Desemba nenda Brampton, kaka. Ridgeway tuifanye Mei mwishoni, ardhi ikishakauka. Wewe panda ule mlima wa Streatley kwa mwendo wako. Mimi nitakuwa pale lami inapoishia.