Kabla ya kuandika dawa, uliza anachomea wapi dhahabu

Karibu huku, mdogo wangu. Barua ya kupangiwa kituo ilikuambia ni zahanati ya kijiji, kwa hiyo pengine umejiandaa kwa malaria, kuhara na kliniki ya wajawazito. Hivyo vyote vipo. Ila ukisimama mlangoni asubuhi, kabla bibi wa kwanza hajakusalimu "mwangaluka", utasikia karasha zinasaga mawe ya dhahabu ng'ambo ya barabara. Hizo ndizo zitakazokufundisha somo la sumu, ambalo chuoni tuliligusa kwa saa moja tu, tena mchana baada ya wali maharage.

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kaka mmoja alimleta mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mikono ilikuwa inatetemeka, usingizi hapati, na kilichowasumbua zaidi nyumbani ni aibu iliyomwingia. Huyu alikuwa mtani wa kijiwe kizima. Sasa ukimwita jina anashtuka na kuangalia chini. Kaka mtu alishaamua kwamba karogwa. Mimi nikaamua kwamba ni gongo. Nikampa diazepamu za siku tano, nikamhubiria kidogo habari za pombe, nikamwita anayefuata.

Alirudi mara mbili zaidi. Mara ya mwisho nesi mmoja mzoefu, mama aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa anapita na sinia la sindano, akamtupia swali: "We unachomea wapi?" Akajibu, chumbani. Nje watu wanaona, wezi watajua. Kwa karibu miaka miwili, kila alipopata mzigo, alikuwa anaweka kijidonge cha dhahabu iliyokamatishwa na zebaki kwenye kifuniko cha kopo, juu ya jiko la mkaa ili zebaki iruke ibaki dhahabu, dirisha limefungwa. Pombe hakuwahi kuionja; alikuwa Msabato.

Zebaki ina tabia inayowadanganya hata wanaoishi nayo. Ukiimeza ikiwa majimaji, karibu yote inatoka na choo. Ndiyo maana mzee wa mwaloni, pale wanapooshea mawe yaliyosagwa, atakuambia ameishika kwa mikono mitupu miaka ishirini na bado anatembea. Usimbishie sana hapo, mpeleke kwenye moshi. Ikichomwa inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na asilimia 80 hivi ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Mvuke huo hauna chaji na unayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ukuta unaolinda ubongo unaupitisha kama mwenyeji. Ukishaingia ndani ya seli, unageuzwa kuwa zebaki yenye chaji, na hiyo haiwezi kurudi kwa njia iliyojia. Inajing'ang'aniza kwenye salfa iliyomo katika protini na vimeng'enya, na kazi za seli zinaanza kwenda mrama. Sehemu nyingine kubwa inakwenda kwenye figo. Hilo la figo liweke akilini, nitalirudia.

Anayefika akiwa amevuta mvuke mwingi kwa mara moja atakudanganya kwa namna nyingine: kikohozi, kifua kubana, homa, ladha ya chuma mdomoni, vyote ndani ya saa chache. Kipimo cha malaria kitakuwa hasi, nawe utataka kuandika nimonia. Muulize jana jioni alikuwa wapi.

Kwa wale wa pole pole, mashine yangu ni kalamu. Mpe mgonjwa karatasi, mwambie achore konokono, mzunguko baada ya mzunguko kutoka katikati kwenda nje, bila kuegemeza mkono. Andika tarehe, weka kwenye faili. Mkono wenye zebaki unachora konokono mwenye meno ya msumeno. Kisha mfunue mdomo uone fizi: zimevimba, zinatoka damu, mate yanajaa. Kisha muulize mkewe, si yeye. Mwanamume hatakuambia kwamba siku hizi anafoka kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Mkewe atakuambia kabla hujamaliza swali.

Ukipata nafasi ya kupeleka sampuli kupitia hospitali ya wilaya, kwa mvuke wa zebaki kinachotakiwa ni mkojo. Aoge kwanza, avue nguo za kazini, anawe mikono kwa sabuni, la sivyo utapima vumbi la mwaloni badala ya mgonjwa. Ila usisubiri majibu ndipo umwondoe kwenye moshi. Zebaki iliyomo mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa miezi miwili hivi, mradi haongezi nyingine. Dawa za kufunga metali zipo, lakini si za zahanati, na nyingine zina hila zake: dimakapro, ambayo inatajwa kwenye vitabu vya zamani, ikitumiwa kwa mtu mwenye methilizebaki (ile ya kwenye samaki, nitaifikia) inaweza kusukuma sumu zaidi kwenye ubongo. Na maziwa? Utaulizwa kila wiki. Maziwa ni chakula kizuri, anywe akiyapenda. Zebaki iliyokwisha kuingia kichwani haiyajui.

Sasa twende jikoni, maana mgonjwa wako mkubwa huenda hajawahi kufika duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia. Mvuke unaochomwa chumbani unaganda kwenye kuta, kwenye mabati, kwenye neti ya mtoto, na chumba kikipata joto unapanda tena. Mama mjamzito akivuta, unapita kondo la nyuma. Kwa hiyo kwenye kliniki ya wajawazito, pamoja na kuuliza hedhi ya mwisho, uliza nani anachoma dhahabu nyumbani. Zebaki inayotiririka na marudio, ule mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu, hadi kwenye mito na mabwawa, vijidudu vya matopeni vinaigeuza kuwa methilizebaki, na hiyo hupanda kutoka kwa samaki mdogo hadi kwa anayemla. Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Paka walikuwa wamekwisha kuonekana wakizunguka kama wamelewa na kufa, kwa sababu walikula samaki wa ghuba ile ile iliyopokea maji machafu ya kiwanda. Akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu walizaa watoto walioharibika ubongo. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 una jina la mji huo.

Risasi nayo isikupite. (Kiswahili kimeipa jina moja na ile ya bunduki, na mgonjwa ataruka ukimwambia ana risasi mwilini, sema madini ya risasi.) Mwaka 2010 kule Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mamia ya watoto wadogo walikufa baada ya wazazi kusaga mawe ya dhahabu uani. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi, na vumbi likaingia kwenye kila kitu. Mwili unaichukulia risasi kama kalsiamu, unaiweka mifupani ambako inakaa miongo, na tumbo la mtoto linaweza kunyonya hadi nusu ya aliyoimeza, wakati la mtu mzima ni kama sehemu moja ya kumi. Mtoto mwenye upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, tumbo linamkata, hapati choo, halafu anapata degedege bila homa: kabla ya kuandika kifafa, mwulize mama kama karasha iko karibu na nyumba. Mwulize pia udongo wa pemba anaokula mwenyewe. Huku kwetu umepimwa ukakutwa na risasi na arseniki.

Tukirudi kwenye figo. Akija dada amevimba uso na miguu, mkojo una povu, kijiti kinaonyesha protini nyingi, na mume wake hana habari na migodi, angalia mikono yake. Vifundo vya vidole vyeusi, uso mweupe. Mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimewahi kutiwa zebaki, na madaktari wa Nairobi waliandika tangu mwaka 1972 kuhusu wagonjwa wa figo wa aina hiyo ambao wengi wao walikuwa wakizipaka. Hatakuambia kwamba anapaka. Usimwaibishe, mwambie akuletee makopo yote ya mezani kwake, hata ya mafuta ya nywele.

Na hapa ndipo sisi wenyewe tunapoingia kwenye orodha ya sumu. Mchimbaji ametoka duarani, ametoka jasho siku nzima, maji hakunywa. Mgongo unamuuma, akanunua diklofenaki dukani, na kwa wiki sasa anameza asubuhi na jioni. Homa ikampata, akaja kwako, ukamchoma sindano za antibiotiki ya jentamaisini. Zebaki na jentamaisini hushambulia mirija ile ile ya figo, na diklofenaki inapunguza damu inayofika huko. Kila kimoja peke yake angeweza kukivumilia. Jentamaisini tena huua seli ndogo za sikio la ndani, na zikifa hazioti upya. Niliwahi kumwona bwana mmoja aliyetoka wodini amepona homa, hasikii. Kituo si hiki, na sikitaji.

Kifua kikuu ni kingi kwa wanaovuta vumbi la mawe, hivyo utakuwa na wachimbaji wengi kwenye dozi. Akilalamika nyayo zinawaka moto na vidole vya miguu vimekufa ganzi, usiharakishe kuitupia lawama zebaki. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, humaliza vitamini B6, na mishipa ya fahamu inayoumia kwanza ni ile mirefu ya miguuni. Angalia kadi kama aliandikiwa pairidoksini, yaani hiyo B6, kisha mwulize kama anaimeza kweli. Wengi huiacha kwa sababu "ni vitamini tu". Anayesema rangi nyekundu na kijani hazimkai sawa, ulizia ethambutoli, nayo ya dozi hiyo, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwenye rejesta yangu nimepiga mstari wa ziada kwa mkono, kati ya umri na malalamiko: kazi, mahali pa kuchomea, anachomeza, anachopaka. Msimamizi wa wilaya aliuliza mstari huo ni wa nini. Akausoma, akaondoka.

Utashawishika kuwahubiria kuhusu ritoti, kile chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki. Hubiri, lakini sikiliza kwanza kwa nini hawakitaki. Kimefunikwa, na mtu aliyelala shimoni wiki tatu anataka kuiona dhahabu yake ikibadilika rangi mbele ya macho yake, asije akapunjwa. Nilichofanikiwa zaidi nacho ni kidogo: kuchomea nje, mbali na nyumba, upepo ukitokea mgongoni, na watoto wasiwepo.

Yule kijana Msabato aliuza vifaa vyake, sasa ana bodaboda. Juzi alipita kuchukua dawa ya minyoo ya mwanawe, nikampa kalamu. Konokono wake wa sasa ana meno mawili matatu tu, upande wa nje. Faili lake liko kabati la pili, ukitaka kumlinganisha na wa kwanza.